Barua Zenu Ndizo Zinazomzuia Uwera Kuja Shule

Mahoko, Alhamisi

Kwa Bwana Direkta Viateur, mkuu wa shule,

Amani kwako na kwa kalamu yako, ambayo naona haipumziki. Mimi ni Nyirasafari, muuza viazi sokoni Mahoko. Nasema mimi, anaandika binti yangu Uwera wa darasa la sita, maana mimi sikuwahi kukaa darasani na bado kila siku narudi nyumbani bila kupotea njia. Nakuletea malalamiko yangu kwa adabu. Uwera anataka niongeze "tafadhali". Bon, haya, tafadhali.

1. Jumanne ilikuwa siku ya soko. Uwera alikuwa mezani kwangu akipanga viazi vya Busasamana. Jumatano asubuhi, Uwera ameshavaa sare, Gasana wa jirani akaleta barua yako: kwa nini Uwera hakuja Jumanne? Sasa nani anisomee? Mbuzi? Ikabidi avue sare, asome, aeleze, arudie. Jumatano ikaenda.

2. Leo imefika ya pili: kwa nini Uwera hakuja Jumatano? Kwa sababu yako, Bwana Direkta. Alikuwa anakusoma wewe. Donc, basi, Alhamisi nayo imekwenda.

3. Umeambatisha karatasi ya sababu za utoro: njaa, mvua, uchuuzi wa mpakani, wazazi wasiojali. Watu kumi waliosoma mmekaa kikao kizima, na hakuna aliyekumbuka kutaja barua. Hiyo ndiyo akili mnayotaka kumpa mwanangu?

4. Unasema nisipokuja kutia dole gumba kabla ya Jumatatu, jina lake halitaandikishwa kwenye mtihani wa taifa. Mtoto anayesoma barua za direkta kutwa nzima bila kigugumizi anapimwa nini tena? Mhesabuni kuwa amehudhuria. Tena mpeni cheti kabisa, yaishe. Na kama rejista yenu haiwezi kukaa bila yeye, ileteni Mahoko kesho, ni siku ya soko tena, nitaitafutia nafasi kati ya viazi na vitunguu. Meza yangu unaijua vizuri. Siku ya soko wewe hujawahi kukosa, hata saa za masomo, na hakuna anayekuandikia.

5. Barua ya tatu isije. Ikija, nafunga meza, hata iwe siku ya soko, nakuja mwenyewe kukuambia haya yote mbele ya walimu wako. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nisalimie walimu, mkeo Pulchérie, na yule mlinzi wa geti, mtu pekee hapo shuleni ambaye hajawahi kuniandikia.

Ni mimi, mzazi anayejali,
Nyirasafari

Nyongeza: Bwana Direkta, maneno haya ni yangu mimi Uwera. Mama yuko nje anafunga magunia ya kesho. Nataka kufanya mtihani. Usimkasirikie mama. Anaogopa kuingia ofisini kwako, ndiyo maana anasema hivi. Karatasi anazidharau, lakini mtu akimwambia jambo ana kwa ana, husikiliza. Tafadhali tuma barua ya tatu kesho asubuhi, mapema, kabla hatujatoka kwenda sokoni. Akifika, mpe kiti kwanza. Wala usijisumbue kuandika mengi. Hata karatasi ikiwa tupu, nitamsomea mimi.