Chujio Linalojisafisha na Mume Anayewahi Kurudi

Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Sabuni,

Salaam, na pole kwa majukumu. Mimi ni mke wa fundi wako wa maji, yule mrefu wa ovaroli ya buluu. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu chujio jipya mlilofunga, lile linalojisafisha lenyewe. Naomba mling'oe.

Kwa miaka kumi na tisa mume wangu alifunga maji, akafungua chujio la zamani, akasugua wavu wake kwa brashi, akafika nyumbani saa moja jioni amechoka, mpole, hana neno. Sasa anafika saa kumi, na maneno yote anayo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anatueleza chujio kila siku. Uchafu ukinasa kwenye wavu, maji yanapita kwa shida, na presha ya upande wa kuingilia inazidi ya upande wa kutokea. Tofauti ikifika kiwango, vali ya taka inafunguka, brashi ya ndani inazunguka, uchafu unatoka na maji kidogo, vali inajifunga. Nusu dakika tu, na maji ya kiwandani hayakatiki. Mama mkwe wangu, ambaye hasikii vizuri, ameshayakariri hayo yote.

2. Sasa mambo ya chujio ameyahamishia kwangu. Nikitua sufuria kwa kishindo anawaambia watoto, "Tofauti imefika kiwango, mfungulieni mama vali," na wote wanatoka nje. Nabaki na hasira zangu, sina wa kumshukia.

3. Anataka usafi ufanyike bila kusimamisha shughuli. Jumamosi alifagia chini ya kiti nikiwa nimekikalia, mbele ya wifi yangu. Wifi alirudi kwake akamuuliza mumewe yeye hufagia lini. Hawasemezani mpaka leo.

4. Habari zimeenea. Wanawake watano mtaani wanataka waume wanaojisafisha. Amani imevurugika, na chanzo ni kiwanda chako.

Kama kuling'oa hakuwezekani, tieni mchanga wa kutosha lizibe kila siku ifikapo saa tisa na nusu. Mchanga nitaleta mwenyewe, umeshachekechwa.

Nisalimie mkeo, karani wako, na walinzi wote wa getini.

Wako katika kero,
Mke wa Fundi wa Maji

N.B. Barua ilikuwa tayari kwenye bahasha jana, mota ya brashi ikaungua, mkambakiza mume wangu kazini. Nyumba ikawa kimya. Nilipakua chakula, hakuna aliyekigusa. Mama mkwe aliuliza mashine imepatwa na nini, nikajikuta namweleza mimi, vali moja baada ya nyingine, huku nachungulia dirishani. Mwisho nilitoka nikasimama barabarani. Tafadhali msiling'oe. Nunueni mota imara, na saa kumi kamili mnirudishie mtu wangu.