Kipa, Taa na Tayari

Jumatatu, 9 Juni 2025

Jana tumefungwa saba. Saba! Na wote wananitazama mie kipa, utadhani mabeki walikuwa msibani. Leo kocha Albano kaniita pembeni, kasema kwa upole eti mikono yangu siku hizi inachelewa. Miaka kumi na tisa nawadakia maveterani wa Kiwalani! Anataka glovu apewe Muntasir, muuza duka, yule mwenye kitambi. Nimekataa katakata. Basi, kasema, Alhamisi mkapimwe. Kuna binti wa chuo pale hosteli za Mabibo, Sekela, ana mashine inayopima mkono unavyowahi. Mshindi anadaka Jumamosi dhidi ya Buguruni. Nimekubali huku nacheka. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Jumanne, 10 Juni

Nimeenda Mabibo kupeleleza. Sekela kanionyesha bila hiyana. Unaweka kidole mezani, anasema "tayari", taa moja inawaka, kushoto au kulia, unaigusa. Kwisha! Kaongeza kwamba mara nyingi mkono hauna kosa, akili ndiyo inakuwa kwingine. Katoto kananifundisha akili! Lakini siri nimeinasa: kati ya "tayari" na taa ni kama sekunde moja. Taa naisubiria nini? Nitaondoka na "tayari".

Jioni Gladness, mke wangu, kanisemea "tayari" mara arobaini, nami nachapa meza. Ya arobaini na moja alimaanisha chakula. Nimemwaga mchuzi wote wa samaki. Kanuna. Hajui maana ya mazoezi.

Jumatano, 11 Juni

Nimempanga Mwanaasha, jirani, mteja mkubwa wa Muntasir. Kesho jamaa akikaa kwenye mashine, aingie amuulize habari za duka. Akili irudi kwenye viroba, mkono ubaki unaelea! Kakubali, ila nimwazime jiko letu la gesi wiki nzima. Gladness bado sijamwambia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeonewa! Sekela kasema "tayari", nikaruka. Taa haikuwaka. Kumbe mara nyingine anainyima makusudi, awanase wenye pupa. Mie nina pupa? Nimegusa taa zisizowaka mara kumi na moja. Zilizowaka, nilikuwa nimeshakwenda upande wa pili. Albano kainamia viatu vyake, mabega yanamtikisika.

Zamu ya Muntasir. Mwanaasha kaingia, kauliza sukari kama ipo. Jamaa, macho kwenye taa: ipo, kilo ngapi? Kagusa. Unga? Upo. Kagusa. Maharage? Ya njano yameisha, chukua mekundu. Kagusa! Hakukosa hata moja. Sekela kafurahi, kasema huyu miaka yote anajibu wateja huku mkono unafuata bidhaa, kelele hazimsumbui. Yaani nimemletea mteja ili ashinde!

Nimekabidhi glovu. Nikapitisha kiganja usoni kama nafuta jasho. Halikuwa jasho.

Jumamosi, 14 Juni

Benchi. Kutwa namwombea Muntasir mabaya, naye anadaka kila kitu. Bila kwa bila. Dakika ya mwisho kagongana na mtu, goti likateguka, na refa kawapa Buguruni penalti! Albano kageukia benchi. Tulikuwepo mie na dumu la maji. Kafikiri sana, kisha kanipa glovu. Nilitaka kulia kwa furaha.

Nikasimama golini. Sibanduki mpaka mpira uondoke! Mpigaji ni kijana wa miaka kama thelathini na tano. Kaweka mpira, karudi nyuma, kaja mbio, na katikati ya mbio kaniambia, kwa adabu kabisa: shikamoo mzee.

Nikainua mkono, nikasema marahaba mwanangu.

Moja bila.

Jumapili, 15 Juni

Kiwalani nzima hainisemeshi. Albano kachukua glovu, kasema nisijisumbue kuja mazoezini. Watu gani hawa? Mtu mzima ukiamkiwa, unauchuna? Yule kijana kalelewa. Kesho nakwenda Buguruni kuwapongeza wazazi wake. Na laiti Sekela angekuwepo apime: marahaba yangu ilitoka kabla mguu haujagusa mpira. Kwa kasi ile, Buguruni lazima wananihitaji.