Usiku Unaanza Saa Tisa

Jumatatu, 8 Januari

Baridi, nyuzi ishirini chini ya sifuri. Sirkka, mke wangu, amerudi kutoka kuteleza thelujini kwa skii, na habari: jirani yetu Ilpo hutoka usiku na baiskeli, peke yake, na taa yake huonekana ikipanda kilima msituni. Eti huyo ndiye mwanamume. Kisha akanitazama nikichovya andazi kwenye kahawa. Jicho hilo limeniuma kuliko tusi.

Nimemjibu kwamba mimi pia naanza kesho. Sikuwa nimepanga lolote.

Jumanne, 9 Januari

Nilipotoka, Sirkka aliuliza kama huo ndio usiku. Nikamwambia usiku ni giza, na giza limeingia tangu saa tisa alasiri. Mtu anaweza kuwa shujaa na bado akawahi chakula cha jioni.

Msituni theluji laini kama unga. Gurudumu likazama lote. Nimeisukuma baiskeli zaidi ya kuipanda. Kisha kitu kikakohoa nyuma ya mti. Dubu! Dubu hulala majira haya, najua, lakini huenda huyu hakuambiwa. Nimerudi mbio.

Jumatano, 10 Januari

Akili ni mali! Njia ya skii inafika juu kabisa, nayo theluji yake ni ngumu, imesawazishwa. Ilpo huishindilia kwa mashine, kwa kujitolea. Najua, najua. Kwetu hapa aliyemtorosha mke wa mtu husamehewa mapema kuliko aliyeikanyaga njia ya skii akaiharibu. Lakini nani ataona gizani?

Nimefika kileleni! Nyota tele. Kwa kitambo sikumwonea mtu yeyote wivu. Nikapiga picha.

Sirkka ameitazama sana, akaniongezea supu ya samaki bila kuombwa. Nimefurahi mno.

Alhamisi, 11 Januari

Balaa. Alama za magurudumu katikati ya njia, toka chini hadi juu, na Jumamosi watoto wanashindana hapo. Dukani watu wasiojuana walikuwa wanazungumza! Sijawahi kuona jambo kama hilo kijijini. Bibi mmoja alitaka mhalifu afungwe. Nikalaani kuliko wote, nikashauri doria. Wakanichagua kiongozi, kwa jinsi nilivyoonyesha uchungu.

Sirkka ameapa kwamba akimjua mtu huyo, hatamsemesha mpaka barafu ya ziwa iyeyuke. Hiyo ni Mei.

Ijumaa, 12 Januari

Wenzangu wa doria nimewapeleka ziwani. Mimi kilimani, kwa baiskeli, maana kiongozi lazima awe mwepesi. Nimepita pembeni mwa njia. Mara nyingi pembeni.

Baridi ikaua betri ya taa. Giza totoro. Nikaanguka mtaroni kushoto, nikatoka, nikaanguka kushoto tena. Niliogopa kweli. Halafu mataa makubwa: Ilpo na mashine yake. Nikamwambia namfukuza mhalifu. Akauliza, kwa upole, kama mhalifu naye huanguka kushoto kila kona.

Akanipakia mimi na baiskeli, akalainisha alama zangu zote tukishuka. Ndani mna hita! Nilipomsifu kwa baiskeli yake ya usiku, alishangaa. Baiskeli humfikisha kwenye banda la mashine tu, akasema. Kilimani hupanda na hita yake, akisikiliza redio.

Nimemsihi anifichie siri. Akasema, "Mimi sina la kumwambia mtu, Taisto. Mwambie Sirkka mwenyewe, basi. Ukweli haujaua mtu."

Jumamosi, 13 Januari

Mashindano yamekwenda salama. Sirkka akaniuliza kama doria ilimwona mtu. Ilpo alisimama hapo hapo na kikombe chake, akinitazama. Nikaona wakati wa ukweli umefika.

Nikamwambia ukweli: Ilpo hajawahi kupanda kilima kile kwa baiskeli hata siku moja. Hupanda ameketi, kwenye joto!

Sirkka akacheka mpaka akamwaga kahawa. Kisha akamuuliza Ilpo kama mashine ina kiti cha pili. Ilpo akanitazama tena, akasema kipo.

Wameondoka pamoja baada ya chakula. Nimekaa dirishani nikifikiri. Mashine ile huenda polepole sana, mwenye baiskeli anaifikia bila shida. Na nyuma yake inaacha njia mpya, ngumu, imesawazishwa vizuri ajabu.

Nimechaji betri ya taa.