Upande Mweupe wa Karatasi

Jumatatu, 3 Juni

Kikao cha wafanyakazi wote. Hata sisi wa ufagio tumeitwa! Afisa utumishi kasema ofisi yetu inachafua mazingira. Taa zinawaka mchana, karatasi zinatupwa ovyo. Kila mtu alete njia yake ya kuokoa kitu. Mshindi ataitwa Balozi wa Mazingira, na kama ni wa mkataba, ataajiriwa moja kwa moja.

Mimi ni wa mkataba. Mwaka wa nne huu. Aliyeajiriwa hupewa kadi ya matibabu, yeye na watoto wake. Binti yangu ana pumu. Dawa yake ya kuvuta ukiitikisa sasa haisemi kitu. Kwa hiyo nitashinda. Nimeshaamua.

Mpika chai naye ni wa mkataba. Tunamwita Mama Birika. Aliniuliza mbele za watu, shoga yangu, wewe utaleta nini, au utayafagia hayo mazingira? Wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaenda stoo kulilia kwenye ndoo.

Jumanne, 4 Juni

Nimezima taa zote za ghorofa ya pili. Sikujua mhasibu yuko chooni. Katoka anapapasa ukuta, goti limevimba. Kasema maneno ambayo sitayaandika, binti yangu husoma humu.

Mama Birika kaleta vikombe vya udongo, vile vya plastiki vya kutupa kaviondoa. Meneja kampigia makofi. Nami nilipiga. Viganja viliniuma kwa chuki.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata!

Chumbani kwa katibu muhtasi kuna ile mashine inayokata karatasi zikawa nyuzi. Imeharibika tangu wiki jana. Pembeni yake boksi limejaa, karatasi zinangoja kuuawa. Karatasi nzima nzima! Zimeandikwa upande mmoja tu, wa pili mweupe kama jino la mtoto. Na fundi anakuja kesho.

Katibu muhtasi aliwahi kuniambia boksi hilo nisiliguse. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya mazingira.

Sikusoma kilichoandikwa. Mimi husoma kwa kidole, na herufi zile ni ndogo kama chawa. Tena upande ulioandikwa si wangu. Mimi nina shughuli na upande mweupe.

Nimezibeba ndani ya ndoo, juu yake matambara. Mlinzi kaniuliza mbona ndoo nzito leo. Nikamwambia uchafu wa wasomi ni mzito.

Alhamisi, 6 Juni

Jana jioni binti alikata, mimi nikashona kwa uzi wa magunia. Madaftari ishirini na mawili! Aliuliza mbona huku nyuma kuna majina ya watu. Nikamwambia ofisini kila karatasi ina majina ya watu, mwanangu, wewe kata. Akakohoa hadi mkasi ukamwanguka. Nikamsugua mgongo. Nikamwambia vumilia, kadi inakuja.

Leo nimegawa, kila meza daftari moja. Mama Birika nimempa jembamba kuliko yote. Meneja kalipapasa lake bila kulifungua, kasema hiyo ndiyo fikra inayotakiwa. Nimerudi nyumbani natembea kama mwenye viatu vipya.

Ijumaa, 7 Juni

Kikao cha kumtangaza mshindi. Mimi nilisimama nyuma, karibu na mlango. Afisa utumishi anaongea, dereva anaandika kwenye daftari langu. Feni ikampindulia ukurasa. Akasoma. Akamgusa mhasibu. Mhasibu naye akapindua. Mara chumba kizima ni kurasa tu, frrr, frrr, kama kuku wanaonyonyolewa.

Ilikuwa orodha, nakala zake zimejaa kila daftari. Watakaoachishwa kazi mwisho wa mwezi, watu kumi na wanne. Na tarehe juu yake ni ya mwezi uliopita, kabla hata ya kutuambia habari za Balozi.

Mimi hayo sikuyajua bado. Nilimsikia tu meneja akiuliza, polepole, ni nani aliyeshona madaftari haya. Nikajua ndio ushindi.

Nikanyoosha mikono yote miwili!

Dereva ndiye aliyenisomea baadaye, taratibu, kama anamsomea mgonjwa. Yeye wa tatu. Mhasibu na goti lake, wa sita. Mama Birika wa tisa. Mimi wa kumi na moja. Ila wenzangu wana wiki tatu za kujipanga. Mimi nimeambiwa niache funguo za stoo leo leo.

Mama Birika alinikimbilia hadi getini. Nikaziba uso, nikijua ni kofi. Kumbe kaniletea kikombe kimoja cha udongo. Kasema mjinga wewe, bila wewe ningewapikia chai mpaka siku ya mwisho huku wananichekea. Akalia. Nikalia. Kikombe chenyewe kina ufa.

Jumatatu, 10 Juni

Zahanati. Dawa ya kuvuta imekwisha kabisa, binti kabanwa tangu alfajiri. Wenye kadi wanaingia kwanza. Sisi tuko benchi. Kifua chake kinapiga mluzi, kichwa kakilaza pajani kwangu. Kwa pumzi ile ile ndogo kaniapisha: mama, usiguse tena karatasi za watu. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo mmoja.

Muuguzi si mtu mbaya, ila kazidiwa. Anaandika majina ya foleni kwenye kiganja chake, kasema karatasi zimewaishia. Na pale miguuni pake kuna boksi limejaa majibu ya wagonjwa ya zamani, yanangoja kuchomwa.

Nimechungulia. Upande mmoja tu!

Akipata daftari zuri, hawezi kukosa kutuita mapema. Hivi sasa kaingia ndani. Mlango kauacha wazi. Mtoto kasinzia; nimekilaza kichwa chake juu ya khanga yangu, taratibu, asiamke. Sindano na uzi wa magunia ninavyo.