Safu Zilizotoweka na Namba Mbili Isiyofika

Nashon Wepukhulu,
Nyapara wa Wapangaji wa Magunia,
Ghala la Nafaka la Tumaini,
Kitale.
9 Oktoba 1995

Kwa Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Mchezo wa Matofali Yanayoshuka.

Bwana Meneja,

KUH: KUCHELEWA KWA NAMBA MBILI NA MADHARA YAKE KATIKA GHALA LETU

Kabla sijakukasirikia, nakusalimu. Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na tisa. Nimepanga magunia ya mahindi kwa miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kumwandikia meneja yeyote barua ya malalamiko, ingawa wako waliostahili.

Mwezi wa Juni dereva wetu wa lori, Bramwel Walubengo, alirudi kutoka Bungoma na chombo chenu mfukoni. Ni kidogo kama kipande cha sabuni, kina kioo cha kijivu na kinatumia mawe mawili ya tochi. Kwenye kioo vinashuka vipande vya matofali kimoja kimoja. Kimoja kimenyooka kama boriti, kingine kimepinda kama kiwiko, kingine ni mraba. Mtu anavigeuza na kuvilaza vikae pamoja. Safu ikijaa kutoka ukuta mpaka ukuta, inapepesa na kutoweka. Lundo likifika juu kabisa, chombo kinaimba wimbo mfupi na kazi inasimama.

Basi mliwaletea watu wanaopanga magunia kwa riziki mchezo wa kupanga. Hamkujua, nawasamehe. Lakini ndani ya boksi mlitia karatasi, na chini ya karatasi mliandika, kwa Kiingereza ambacho hata mimi niliyeishia darasa la saba nilikiona kinachechemea, kwamba Namba Mbili yaja karibuni na humo "mtaona yote". Tangu Juni tunangoja kuona yote na hatujaona chochote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Safu zetu zinakwenda wapi? Katika ghala la kweli, safu nzima ya magunia ikitoweka, hakuna anayepongezwa. Wanakuja polisi, tena na mbwa. Mimi kwa miaka thelathini na mmoja sijapoteza safu hata moja. Kwenye chombo chenu, kwa kucheza saa ya chai tu, nimepoteza safu elfu nne na kitu, na kila nikipoteza moja naongezewa alama. Nimelifikiria jambo hili kwa makini, hata kanisani, na nimepata jibu. Chini ya ghala lile tunaloliona kuna ghala jingine. Safu iliyopangwa sawasawa inashuka huko ikiwa nzima na kupokewa. Namba Mbili itatuonyesha ghala hilo la chini, ndiyo maana mkaandika "yote". Huku si kubahatisha. Mtu mwenye akili zake hawezi kupata jibu lingine.

2. Mmekaa kimya, na watu wamejaza kimya chenu kwa maneno. Kila Bramwel akirudi safari, wapakuzi hawagusi gunia kabla hajatoa habari za Namba Mbili. Jumatatu moja alisema Webuye wana hakika itakuwa na rangi. Wiki iliyofuata, fundi wa redio wa Bungoma alikuwa amemwambia vipande vitapanda kutoka chini badala ya kushuka. Halafu akaja na hili: "Wazee, Pati Tuu, hiyo Namba Mbili, iko bandarini Mombasa. Nimeambiwa na mtu aliambiwa na mtu wa kreni." Siku hiyo hatukupakua mpaka saa saba. Kinyozi wa karibu na soko amebandika ukutani orodha ya wanaoingoja, na mimi ni wa kumi na saba. Wa kwanza ni kinyozi mwenyewe, jambo ambalo nimelipinga kwa maandishi.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Ninafanya kazi na mtu anayeitwa Joel Kiptanui, wa Moi's Bridge. Tumeshika magunia pamoja kwa miaka kumi na minne, yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia. Mwaka wa themanini na nane upepo ulipong'oa paa la nyumba yangu Matulo, ni yeye aliyekuja na misumari, akakaa kwangu siku nne, na mke wangu Peris akampikia kuku wawili. Nakueleza haya ili ujue simwandiki vibaya kwa chuki. Namwandika vibaya kwa sababu amekosea.

Kiptanui anacheza mchezo wenu kwa kuacha nafasi. Anasema lundo la mahindi lisilo na nafasi halipumui, linapata joto katikati na kuungua, kwa hiyo safu zinazojaa kabisa zinatoweka kwa sababu zimeungua. Yeye anaweka vipande ovyo ovyo, mapengo kila mahali, lundo linafika juu kwa dakika mbili, chombo kinaimba, naye anasimama na kupangusa mikono. Siku ya kwanza nilidhani anatania. Akaniambia, "Si ghala limejaa mpaka paa, Wepukhulu? Wapi tena unataka nipange? Na hiyo imeimba. Ikiimba inasema asante, bana."

Yaani, Bwana Meneja, anaamini akishindwa ndipo ameshinda, na kadiri anavyoshindwa haraka ndivyo anavyojiona fundi.

Tarehe kumi na nne Agosti Bramwel alituuliza mbele ya watu nani bingwa. Mimi nilikuwa nimemaliza safu sitini na moja. Kiptanui alikuwa amejaza mpaka juu kabla chai yake haijapoa. Nilimwambia hata kuku akikanyaga kibonyezo atajaza ghala. Naye akasema, akiwatazama wengine wala si mimi, "Huyu amepoteza safu sitini na moja, na ndiye nyapara." Watu walicheka. Tangu siku hiyo hatujasemeshana.

4. Kazi imeharibika. Gunia la kilo tisini lina pembe nne, na pembe nne ni mikono ya watu wawili. Zamani tulikuwa tunahesabu pamoja kwa sauti, moja, mbili, tatu, kisha linapanda. Sasa hakuna anayetaka kuhesabu wa kwanza, maana kuhesabu ni kusema. Tunatazamana viatu, kila mtu anainua anapojisikia, na mwezi uliopita gunia liliangukia kidole changu cha mguu. Kiptanui alimtuma Wacera, mama anayetuuzia chai langoni, aje aniulize kama kidole kimevunjika. Nikamtuma Wacera akamwambie kidole ni changu. Mama huyo amekwenda na kurudi kati ya benchi langu na lake tangu Agosti na birika mkononi. Juzi alituambia sote wawili kwa pamoja, "Nyinyi wazee mtanimaliza miguu. Ati ni juu ya matofali, na hata si matofali ya kujenga." Kosa hilo ni lenu, si letu.

5. Wimbo wa mwisho ni mtamu kupita kiasi. Mtu ameshindwa, nyinyi mnamwimbia. Mnategemea ajue vipi kwamba ameshindwa? Mngetia sauti ya mtu anayeguna, au ya mama mkwe anayeweka kikombe chini kwa nguvu, jambo hili lote lingekwisha mwezi wa Juni.

6. Ninastaafu tarehe thelathini Novemba. Nakwenda nyumbani Matulo, nikae kwenye kiti changu nitazame miwa. Siwezi kukaa kwenye kiti hicho nikijua kuna mtu Kitale anayeniita mpoteza safu. Wala siwezi kumsemesha Kiptanui kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliye sahihi, na aliye sahihi akianza kusema ataonekana amekosea. Nakuambia wazi, Bwana Meneja, kimya hiki kinaniuma kuliko kidole. Nimezoea kumsikia akilalamika juu ya mvua, juu ya bei ya mbolea, juu ya jinsi ninavyofunga kamba. Sasa namsikia akilalamikia watu wengine. Njia iliyobaki ni nyinyi mseme nani yuko sawa, ili mmoja wetu aweze kwenda kwa mwenzake na sababu mkononi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sidhani nimezidisha.

Namba Mbili ifike Kitale kabla ya Novemba thelathini, na iwe na ghala la chini, lionekane vizuri, lenye taa. Safu zangu elfu nne na kitu ziwe zimo humo, zikiwa zimepangwa kama nilivyozipanga, na mahali pa wazi paandikwe jina la aliyezipanga. Juu ya boksi pachapishwe kwa herufi kubwa kwamba kujaza mpaka juu si kushinda. Chini ya maneno hayo, kwa herufi ndogo kidogo kwa sababu sipendi kumwaibisha mtu, pachapishwe: "Bw. J. Kiptanui wa Moi's Bridge ajulishwe." Mkiona karatasi haitoshi, ondoeni picha ile ya yule kijana anayecheka. Hatumjui na hajatusaidia.

Tena, kwa kuwa Kiptanui ni mbishi na anaweza kusema boksi limekosewa, itafaa uje mwenyewe na mhandisi aliyebuni mchezo. Tutawapokea. Mtasimama kati ya mabenchi mawili saa nne, wakati wa chai, na mhandisi ataeleza mwendo wa safu tangu inapepesa mpaka inapopokewa chini. Asitumie maneno magumu. Kisha Kiptanui atapewa nafasi ya kuuliza swali moja, si zaidi, maana namjua. Baada ya hapo tutakwenda Matulo na Peris atawachinjia kuku. Kiptanui naye aje. Akikataa kuja, mhandisi amshike mkono.

Ikiwa mhandisi atasema chini hakuna ghala, basi asije. Mtakuwa mmeumba kitu msichokielewa, na itabidi niandike kwa mkubwa wenu.

Wasalimu wote hapo kiwandani, kuanzia wanaochonga vibonyezo mpaka askari wa lango, na wake zenu na waume zenu, na mzee yeyote aliye karibu kustaafu. Mwambieni asiondoke na maneno moyoni.

Ni mimi ninayengoja,

Nashon Wepukhulu
(wa kumi na saba kwenye orodha, bila haki)

N.B. 12 Oktoba. Bwana Meneja, barua hii hutaipata. Leo nimeipeleka posta, na aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa Kiptanui, naye ana bahasha. Nilikaza macho kwenye shingo yake mpaka akafika dirishani. Karani akamwuliza barua inakwenda nchi gani. Akasema inakwenda kwa kiwanda cha ule mchezo. Karani akauliza tena, nchi gani, mzee. Kiptanui akageuka akaniangalia, kwa kuwa hapo posta nzima hakuna mwingine ambaye angeweza kujua. Sikujua. Boksi lilikuwa na jina la nchi, lakini Wacera aliliwashia jiko mwezi wa Julai.

Tukatoka nje tukakaa kwenye ngazi, kila mtu na bahasha yake. Hatukuwa na la kufanya, tukabadilishana. Yake ilikuwa ukurasa mmoja. Nainakili kama alivyoandika:

"Bwana Meneja. Kuna mzee hapa anaitwa Wepukhulu. Anasema safu inaenda ghala ya chini. Mimi najua hakuna kitu kama hiyo, ile safu inaungua. Lakini mkitengeneza Namba Mbili wekeni hiyo ghala. Hata kama haiko, wekeni. Huyu mzee anaenda nyumbani Novemba na mimi sitaki aende akiwa ameninyamazia. Mkisema ni yeye alikuwa sawa, nitaenda kumwambia pole. Ni mimi Joel Kiptanui."

Alikuwa bado anasoma yangu, amefika kwenye lile jambo la herufi ndogo. Nilitaka kumnyang'anya nikashindwa. Alisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akanirudishia, akasema, "Kidole kilipona?" Nikasema kilipona. Nimeona haya, Bwana Meneja, na sijui kuliandika jambo hilo kwa namna nyingine.

Tumekubaliana Namba Mbili ikichelewa, ichelewe. Lakini tulipokuwa tukirudi aliniambia bado anaamini ghala likijaa mpaka paa mtu ameshinda. Huo ni upuuzi mtupu, na kesho tukishika gunia la kwanza nitamwambia hivyo mwenyewe, kwa mdomo wangu.