Visheti vya Harbin, Papa wa Glasgow

Jamani, leo nimeadhirika. Tena jikoni kwangu, hapa Kilburn, na kikombe cha chai mkononi.

Asubuhi alikuja jirani yangu Salma. Nikampigia shangazi yangu wa Tanga kwa video, tableti nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, tukawa tunapiga soga. Shangazi akaanza: "Mwanangu, ule mfuko wa papa aliokuletea mgeni wangu, mpelekee Hamisi Glasgow kabla ya Idi. Si hapo hapo tu?"

Hamisi ni mwanawe. Papa ni mkavu, na wiki nzima nyumba yangu inanuka pwani.

Nikawaka! "Shangazi, Glasgow ni masaa tisa kwa basi! Nyie watu wa nyumbani mnadhani Uingereza yote ni mtaa mmoja? Kabla hujamtuma mtu, tazama ramani!"

Salma akacheka mpaka akamwaga chai. Shangazi akanywea. Mimi nikajiona mwalimu wa jiografia.

Mara simu yangu ikalia. Rehema! (Shoga yangu, kaenda Guangzhou kununua mapazia ya duka lake. Nilimpa mkebe wa visheti ampelekee binti yangu Nasra, anayesoma Harbin, nchi hiyo hiyo. Idi yake ya kwanza peke yake, maskini.) Nikaweka spika, wote wasikie nilivyo mama mwema.

"Nasra kafurahi?"

"Kafurahi wapi? Mkebe wako ninao hapa hotelini. Hebu nikumbushe, uliniambia Harbin ni mbali kiasi gani?"

Nikaanza kutafuta pa kuzimia spika. Sikupaona.

"Ulisema ni kama kutoka Kilburn kwenda Stratford," akaendelea. "Treni moja, hata hubadilishi! Nimekwenda kuulizia tiketi, dada wa kaunta kanitazama kwa huruma. Kilomita karibu elfu tatu! Kwa ndege masaa manne na ushee!"

"Manne?" Salma akadakia. "Kutoka hapa, masaa manne si unashukia Ugiriki?"

(Jirani gani huyu?)

"Lakini mimi niliangalia ramani," nikajitetea.

"Ramani ipi?"

"Ya kwenye simu. Ilikuwa vidole viwili tu."

Sikuwa nimeikuza.

Rehema ana moyo jamani. Akasema atavituma kwa watu wa vifurushi, vitafika kabla ya Idi. Nikashusha pumzi, nikakata simu. Nikamsahau kabisa aliyeko kwenye kopo la sukari.

"Mwanangu."

"Abee, Shangazi."

"Visheti vya Nasra vitafika?"

"Vitafika, inshallah."

"Alhamdulillahi. Na Hamisi wangu naye ana Idi."

Basi. Hakunisema, hakunicheka, na afadhali angenicheka! Nilivyoona haya, nikajifanya nafuta chai ya Salma mezani. Nilipoinua kichwa, Salma keshashika simu yangu, anatafuta tiketi za basi.

"Jumamosi saa mbili asubuhi kuna nafasi," akasema. "Upande wa dirishani?"

Kwa hiyo Jumamosi naondoka, papa mapajani, masaa tisa. Safari hii ramani nimeikuza. Msinicheke jamani, niombeeni: nimeuliza, na madirisha ya lile basi hayafunguki.