Kivuko Juu ya Fungu

Alhamisi, 10 Septemba 1970
Barabara ya kuzunguka Loch Garvaig imefunguliwa. Babu alivusha ng'ombe kwenye mkono huu wa bahari kwa kuwaogelesha. Baba akavusha watu kwa makasia. Mimi navusha magari. Sasa Lachie, dereva wa basi jipya, anatangaza dukani kuwa kivuko changu kinafaa kufugia kuku. Jumatatu halmashauri itaamua kama kibaki. Riziki yangu hiyo! Effie, mke wangu, kasema nitulie. Nitulie?

Ijumaa, 11 Septemba
Nina mpango. Kesho jioni Mchungaji Gillanders anakwenda ng'ambo kuhubiri. Nimemwomba apande kwangu, bure. Nikimfikisha kabla ya basi, atanisifia, na nani atambishia mchungaji? Nitapita mkato, juu ya fungu la mchanga. Effie kauliza kuhusu maji kupwa. Wanawake na hofu zao!

Jumatatu, 14 Septemba
Jana sikuandika. Mchungaji alikuwa ananitazama.

Jumamosi tulikwama juu ya fungu. Lachie akapita barabarani, honi mpaka mwisho. Maji yalipojaa tukaelea, saa sita ya usiku imepita, nikawasha injini. Mchungaji akanishika mkono.

"Farquhar, Jumapili imeingia, Siku ya Bwana; hakuna kufanya kazi. Tia nanga."

Yaani gati tunaliona, chombo kizima, na hatusogei! Asubuhi waumini wakaja ufukweni, wakaimba zaburi. Mchungaji akawahubiria toka kivukoni habari za Yona, macho yote kwangu. Njaa ikaniuma.

Mchana kikaja kijitumbwi. Lachie! Na sufuria ya supu ya kondoo na shayiri. Kasema kumlisha mwenye njaa si kazi, ni huruma.

"Kula, mzee. Nikikucheka una njaa, utasema nimekuonea."

Nilikula huku machozi yananitoka. Supu tamu kiasi hicho sijapata kuonja.

Leo kikaoni Lachie ndiye aliyesimama wa kwanza. Kasema mvua ikinyesha, mlima huporomosha mawe barabarani, na basi lake litahitaji kivuko. Mchungaji akaitikia. Kivuko kinabaki! Mungu ambariki Lachie!

Jumanne, 15 Septemba
Shukrani lazima ionekane. Jumamosi jioni nawavusha Lachie, mchungaji na waumini wote kwenda kula kwa dada yangu ng'ambo, bure. Nitapita mkato, supu isipoe. Effie kauliza kuhusu maji kupwa. Wanawake na hofu zao!